Mzee Uwanjani: Jinsi Madaktari Walivyobadili Ushauri Wao

Leo tunazungumza na watu wa miaka 50, 60, 70 na kuendelea ambao bado wanapenda mchezo. Wewe mzee unayekimbia polepole asubuhi kabla jua halijapanda. Wewe mama unayecheza netiboli na wenzako wa chama siku ya Jumamosi. Wewe mwalimu mstaafu ambaye kila Jumapili uko kiwanjani na timu ya wazee wa mtaa. Hata wewe unayecheza mwomboko mpaka jasho linatiririka, maongezi haya ni yako, kwa maana ngoma nayo ni mazoezi.

Tunazungumza pia na vijana wenye wazazi. Mara nyingi ninyi ndio mnaosema, "Baba, umri huo si wa kukimbia, keti utulie." Maneno hayo mnayasema kwa upendo. Lakini ushauri huo una historia yake. Zamani hata madaktari wakubwa walisema vivyo hivyo. Kisha wakapima, wakahesabu, wakaona kwamba mambo si kama walivyodhani, wakabadilika. Leo nitakueleza walivyobadilika na kwa nini, ili ujue ni lipi la kufuata na lipi la kuacha.

WAKATI KITANDA KILIKUWA DAWA

Katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita, mtu aliyepatwa na mshtuko wa moyo alilazwa kitandani, na mara nyingi alikaa humo kama wiki sita. Wengine walilishwa kwa kijiko kama watoto wachanga. Madaktari waliogopa kwamba moyo uliojeruhiwa ungepasuka kama mgonjwa angejitahidi hata kidogo. Na aliyepona aliambiwa aache kazi nzito na michezo kwa maisha yake yote.

Septemba 1955 mshtuko wa moyo ulimpata mtu ambaye dunia nzima ilikuwa ikimtazama. Dwight Eisenhower alikuwa Rais wa Marekani, na umri wake ulikuwa miaka 64. Alikuwa mpenzi mkubwa wa gofu. Alikuwa mapumzikoni Denver, katika jimbo la Colorado, na siku hiyo alicheza mashimo 27. Akiwa uwanjani alilalamika tumbo. Alidhani ni kiungulia, akalaumu kitunguu alichokula na mkate wa nyama mchana. Usiku akaamka na maumivu ya kifua. Ule haukuwa mchezo wa kitunguu. Ulikuwa moyo.

Msomaji wangu, simama hapo kidogo. Ni wangapi kati yetu wamewahi kusema, "Ni gesi tu, itapita"? Kwa watu wazima, na hasa kwa akina mama na kwa wenye kisukari, moyo unapopata shida si lazima kifua kiume sana. Unaweza kusikia uzito tumboni, kichefuchefu, pumzi kukatika, jasho baridi, au maumivu ya taya, bega na mkono. Ukiyasikia hayo ukiwa uwanjani, acha mchezo. Usimalize kipindi, usingoje filimbi.

Sasa turudi kwa Eisenhower. Daktari bingwa aliyeitwa kumwangalia aliitwa Paul Dudley White, kutoka Boston. White mwenyewe alikuwa mtu wa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli, naye hakuamini kwamba mgonjwa wa moyo amekwisha. Mgonjwa wake aliinuliwa kitandani, akakalishwa kitini, kisha akatembezwa polepole. Mapema mwaka wa 1956 Eisenhower alirudi kwenye gofu. Mwaka huohuo akachaguliwa tena kuwa Rais. Alifariki mwaka wa 1969 akiwa na miaka 78. Watu wengi walijifunza kwa mara ya kwanza kwamba mtu mzima anaweza kuugua moyo, akafuata daktari, na akarudi kiwanjani hatua kwa hatua.

DEREVA NA KONDAKTA

Wakati huo Uingereza kulikuwa na daktari aliyekuwa akihesabu. Jina lake Jeremy Morris, wa London. Yeye na wenzake walijiuliza swali moja: kwa nini ugonjwa wa moyo umezidi hivi? Wakaenda kuwaangalia wafanyakazi wa mabasi ya London, yale ya ghorofa.

Fikiria basi hilo. Dereva ameketi siku nzima, mikono kwenye usukani. Kondakta naye anapanda ghorofani kukata tiketi, anashuka, anapanda tena. Kwa siku moja ya kazi kondakta alipanda ngazi kati ya 500 na 750. Watu hawa wawili walifanya kazi katika basi moja, katika mji mmoja, na mishahara yao haikupishana sana. Morris alichunguza wanaume wapatao 31,000 wa miaka 35 hadi 64. Matokeo yakachapishwa mwaka wa 1953. Makondakta waliugua moyo kuliko madereva? La! Waliugua kidogo kuliko madereva, na walipougua, hawakufa mapema kama madereva. Walipolinganishwa wapeleka barua wa posta, waliotembea na kuendesha baiskeli, na makarani walioketi ofisini, ikawa vivyo hivyo. Anayetembea alikuwa na nafuu.

Bila shaka kulikuwa na waliouliza, "Huenda madereva walikuwa wanene tangu mwanzo?" Morris hakukasirika. Alikwenda kuangalia rekodi za sare za kazi, zenye vipimo vya suruali za kila mfanyakazi. Ni kweli, viuno vya madereva vilikuwa vipana zaidi. Basi akaona kwamba hawezi kusema yote ni sababu ya kazi. Akaendelea kuchunguza kwa miaka mingi. Mwaka wa 1973 alichapisha habari za maafisa wa serikali wa miaka 40 hadi 64, watu wote wa kuketi ofisini. Safari hii aliuliza wanafanya nini baada ya kazi. Waliofanya mazoezi ya nguvu katika muda wao wa mapumziko waliugua moyo mara chache kuliko wenzao.

Hapo ndipo habari hii inapokufikia wewe. Si lazima uwe kondakta wa kupanda ngazi. Ile saa yako ya jioni uwanjani ina thamani yake. Na huyo Morris alifariki mwaka wa 2009, akiwa na miaka 99.

WIKI TATU NA MIAKA THELATHINI

Mwaka wa 1966, mjini Dallas, Marekani, vijana watano wa miaka 20 walikubali kulala kitandani wiki tatu bila kutembea. Hawakuwa wagonjwa. Watafiti walitaka kuona mwili unafanywa nini na kitanda. Vijana walipoinuka, nguvu za moyo na mapafu yao zilikuwa zimeshuka vibaya sana.

Miaka 30 baadaye watu walewale watano walitafutwa, wakapatikana, wakapimwa tena. Sasa walikuwa na miaka 50, wameongeza uzito, wana kazi na familia. Je, unajua kilichoonekana? Hakuna hata mmoja aliyekuwa na hali mbaya kuliko ile aliyokuwa nayo alipotoka kitandani mwaka wa 1966. Yaani wiki tatu za kulala ziliwadhoofisha kuliko miaka 30 ya kuzeeka! Kisha wakapewa mazoezi ya miezi sita, ya kutembea, kukimbia polepole na kuendesha baiskeli, yakiongezwa kidogo kidogo. Uwezo wao wa pumzi ukarudi pale ulipokuwa kabla ya kulazwa, walipokuwa na miaka 20.

Mmoja wa watafiti wa mwaka wa 1966 alikuwa Bengt Saltin kutoka Sweden. Wapenzi wa riadha nchini Kenya huenda wamelisikia jina lake, kwa sababu katika miaka ya 1990 aliwachunguza wakimbiaji wetu ili kujua siri ya mbio zao.

Utasema, hao wa Dallas walikuwa na miaka 50 tu, sisi je? Mwaka wa 1990 ilitolewa habari nyingine kutoka Boston. Wazee 10 waliokuwa wakiishi katika makao ya wazee, wenye umri wa miaka 90 hivi, walifundishwa kunyanyua uzito kwa miguu, muda wa wiki nane, wakisimamiwa. Nguvu za misuli ya mapaja yao zikaongezeka zaidi ya mara mbili. Wawili wakaacha kutembelea bakora. Basi tusiseme tena kwamba msuli wa mzee haujui kujifunza.

MBIO ZA WAZEE NA KIFO CHA JIM FIXX

Habari hizi zilipoenea, wazee waliingia uwanjani kwa wingi. Mwaka wa 1975 mashindano ya kwanza ya dunia ya riadha ya wakongwe yalifanyika Toronto, Kanada. Mwaka wa 1977, mjini Gothenburg, Sweden, kikaundwa chama chao cha dunia. Katika mashindano hayo watu hugawanywa kwa umri, miaka mitano mitano. Wa miaka 60 hadi 64 wanashindana wenyewe, wa 65 hadi 69 wenyewe. Hiyo ni busara, na hata timu zetu za mtaani zinaweza kuiga. Usimweke babu wa miaka 68 amkabe kijana wa 25.

Lakini mazoezi nayo yalipata sifa kupita kiasi. Wengine walianza kusema kwamba mtu anayekimbia hawezi kuugua moyo. Hapo ndipo inapoingia habari ya Jim Fixx.

Fixx alikuwa Mmarekani aliyeandika kitabu maarufu sana kuhusu kukimbia, kilichotoka mwaka wa 1977. Alianza mbio akiwa na miaka 35. Wakati huo alikuwa mnene na mvutaji wa sigara. Akapunguza uzito, akaacha sigara, akawa mfano kwa mamilioni. Julai 1984, katika jimbo la Vermont, alitoka kwenda kukimbia peke yake, akaanguka kando ya barabara, akafa. Alikuwa na miaka 52. Walipompasua walikuta mishipa ya moyo wake imeziba sana. Baba yake mzazi alipatwa na mshtuko wa moyo akiwa na miaka 35, akafa kwa ugonjwa huo akiwa na miaka 43.

Wengine walicheka wakasema, "Mnaona? Mbio ndizo zimemuua." Lakini tuangalie vizuri. Fixx alikuwa ameishi miaka tisa kuliko baba yake. Tatizo lilikuwa katika damu ya ukoo, na miaka ya sigara nayo ilikuwa imeacha alama. Mazoezi yanapunguza hatari, lakini hayafuti kila kitu kilichotangulia. Mtu mwenye historia kama hiyo anahitaji mazoezi na anahitaji kupimwa. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine.

Kwa hiyo, mpenzi msomaji, kabla hujarudi uwanjani baada ya miaka ya kuketi, jibu maswali haya. Je, mzazi au ndugu yako wa damu aliugua moyo au kiharusi mapema? Je, una presha au kisukari? Je, unavuta sigara, au uliwahi kuvuta? Je, ukipanda kilima kifua kinabana, au umewahi kuzimia ukiwa katika mazoezi? Kama jibu ni ndiyo hata kwa moja, pita kituo cha afya kwanza. Presha haina makelele. Unaweza kuwa nayo miaka mingi na usijue. Kuipima ni dakika chache, na tangu mwaka wa 2023 wahamasishaji wa afya ya jamii wanaotembea nyumba kwa nyumba wamepewa mikoba yenye kipimo cha presha na cha sukari. Akibisha hodi, mkaribishe. Na kama tayari unameza dawa za presha, usiziache siku ya mechi eti zinakuchosha. Mweleze daktari, akubadilishie.

BARAFU ILIVYOPANDA NA KUSHUKA

Tutoke kwenye moyo, twende kwenye miguu. Wazee wengi wa michezo hawaumii moyo. Wanaumia kifundo cha mguu, goti, bega, na ule msuli wa nyuma ya mguu unaokatika ghafla kana kwamba umepigwa jiwe. Kano ya mtu wa miaka 60 si laini kama ya mjukuu wake. Inahitaji muda mrefu zaidi kupata moto, na muda mrefu zaidi kupona.

Mwaka wa 1978 daktari Mmarekani, Gabe Mirkin, alitoa kitabu cha tiba ya michezo kilichoeneza herufi nne za Kiingereza, RICE. Ukisikia haraka utadhani ni mchele. Maana yake ilikuwa: pumzisha, weka barafu, funga bendeji, inua mguu juu. Herufi hizo zilizunguka dunia yote. Hata mimi nilipokuwa nikisomea diploma ya uuguzi tulizikariri kwa ajili ya mtihani.

Mwaka wa 2014 Mirkin mwenyewe aliandika kwamba mambo mawili katika yale manne yalihitaji kurekebishwa. Alisema barafu nyingi na kupumzika kabisa vinaweza kuchelewesha kupona. Sababu yake ni hii: uvimbe wa mwanzo ni kazi ya mwili. Damu inaleta mafundi wa kusafisha na kujenga. Ukiigandisha sehemu hiyo saa baada ya saa, unawafungia mafundi mlango. Mwaka wa 2019 wataalamu wengine walitoa mwongozo mpya unaosema hivi kwa ufupi: siku za kwanza linda, inua, funga, kisha anza kuutumia mguu polepole mapema kadiri maumivu yanavyokuruhusu.

Kwa hiyo ukiteguka leo, fanya hivi. Toka uwanjani, usijaribu "kuufungua mguu" kwa kuendelea kucheza. Funga bendeji, isikaze mpaka vidole vikafa ganzi. Lala uinue mguu juu ya mto. Barafu si haramu. Ukiwa na maumivu makali unaweza kuiweka kama dakika 10, ikiwa imefungwa kwa kitambaa, isiguse ngozi. Baada ya siku moja mbili anza kuzungusha kifundo, kisha kanyaga kidogo, kisha tembea. Usikandwe kwa nguvu siku ya kwanza. Usimwache mtu yeyote auvute mguu uliovimba eti anaurudisha mahali pake.

Nenda hospitali bila kuchelewa kama huwezi kupiga hatua nne, kama kiungo kimepinda, au kama umesikia mlio nyuma ya kisigino na huwezi kusimama kwa ncha za vidole. Nenda pia kama umeanguka na nyonga inauma. Kuvunjika nyonga si jambo la kungojea asubuhi. Na mzee anayetumia dawa za kufanya damu iwe nyepesi akigongwa kichwa, hata kama anaongea vizuri, apelekwe siku hiyohiyo.

Jambo moja zaidi kuhusu dawa. Najua mtu akiumia anakwenda dukani kwa mwenye dawa na kusema, "Nipe diklofenaki." Dawa hizo za maumivu zinaweza kupandisha presha, kuumiza figo na kutoboa tumbo, na hatari hiyo inazidi umri unapozidi. Kama una presha, vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo, usizimeze kabla ya kumuuliza mhudumu wa afya. Na usimeze dawa ya maumivu ili uweze kucheza. Maumivu ni askari wa mwili. Ukimlaza usingizi, mwizi anaingia.

BIBI WA LIMPOPO NA MABABU WA CHESTERFIELD

Si Ulaya na Marekani pekee. Afrika yetu nayo imeandika ukurasa wake. Mwaka wa 2007, mkoani Limpopo, Afrika Kusini, mama mmoja aitwaye Beka Ntsanwisi, aliyekuwa ameugua saratani ya utumbo, alianza kuwakusanya akina nyanya kufanya mazoezi. Mazoezi yakageuka kuwa timu ya kandanda, Vakhegula Vakhegula. Kwa lugha ya Xitsonga jina hilo maana yake ni mabibi. Baadhi ya wachezaji wake walikuwa wamevuka miaka 80. Walikuwako waliosema kwamba mahali pa bibi ni nyumbani na wajukuu. Mabibi hawakujali. Mwaka wa 2010, uleule wa Kombe la Dunia nchini kwao, walisafiri mpaka Massachusetts, Marekani, kucheza katika mashindano ya wakongwe.

Hapa kwetu, Korogocho mjini Nairobi, akina shosho wamekuwa wakijifunza ngumi na mateke ya kujikinga, kwa sababu walikuwa wakivamiwa na kunajisiwa. Wao hawakuanza kwa ajili ya kombe. Walianza ili waishi. Lakini mwili haujui tofauti. Anayejifunza kusimama imara, kurudi nyuma bila kuanguka na kupaza sauti anajenga misuli na mizani ileile inayomkinga asianguke bafuni.

Na kuanguka si jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na walio hatarini zaidi ni wenye miaka zaidi ya 60. Mwaka wa 2019 watafiti walikusanya majaribio zaidi ya 100 wakaona kwamba mazoezi hupunguza kuanguka kwa wazee kwa karibu robo. Mazoezi yaliyosaidia hasa ni yale ya mizani na ya nguvu za miguu. Ndiyo maana mwongozo wa shirika hilo wa mwaka wa 2020 unawaambia wenye miaka 65 na zaidi wafanye mazoezi ya dakika 150 hadi 300 kwa wiki, ya kiasi cha kutoa jasho kidogo, na ndani ya wiki hiyo siku tatu au zaidi ziwe na mazoezi ya mizani na nguvu. Kusimama kwa mguu mmoja ukishika kiti ni mwanzo mzuri. Kuketi na kuinuka kitini mara 10 bila kujisukuma kwa mikono pia.

Mwaka wa 2011, mjini Chesterfield, Uingereza, kukaanza kandanda ya kutembea, iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wa miaka 50 na zaidi. Ukikimbia, ni kosa. Mpira haupigwi juu, na kukabana kwa nguvu hakuruhusiwi. Watu waliocheka mwanzoni sasa wanaicheza katika nchi nyingi. Waswahili walijua zamani: mwenda pole hajikwai. Kama timu yenu ya wazee inapoteza mchezaji kila wiki kwa goti au msuli, jaribuni sheria hizi mechi moja. Hazina gharama.

MIKONO MIWILI

Baki nami kwa historia ya mwisho. Mwaka wa 1960, katika chuo cha Johns Hopkins mjini Baltimore, Marekani, watu watatu walitangaza kwamba moyo uliosimama unaweza kusaidiwa bila kupasua kifua, kwa kusukuma kifua kwa mikono. Mmoja wao, William Kouwenhoven, hakuwa daktari wa tiba. Alikuwa mhandisi wa umeme, mzee aliyestaafu, wa miaka 74. Kabla yao, moyo ukisimama daktari alilazimika kufungua kifua kwa kisu. Tangu hapo kazi hiyo ikawa ya kila mwenye mikono miwili.

Basi mwenzako akianguka uwanjani haitiki, na hapumui au anapumua kwa kukoroma na kukatakata, usimmwagie maji, usimwinue akae. Mmoja apige simu 999 au 112, mwingine atafute gari. Wewe piga magoti kando yake. Weka kiganja katikati ya kifua, cha pili juu yake, nyoosha mikono, sukuma chini kama sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika. Acha kifua kirudi juu kila mara. Mkichoka pokezaneni, msisimame. Kila timu ya wazee iwe na watu wawili waliojifunza jambo hili.

Na kama mchezo wako ni kukimbia au kutembea barabarani, mkumbuke Fauja Singh. Alizaliwa Punjab, India, akaanza mbio za marathoni jijini London mwaka wa 2000 akiwa na miaka 89. Mwaka wa 2011 alimaliza marathoni ya Toronto akihesabiwa kuwa na miaka 100. Moyo haukumwangusha. Magoti hayakumwangusha. Julai 2025, akiwa na miaka 114 kwa hesabu yake, aligongwa na gari akitembea karibu na kijiji chake, akafariki. Kwa hiyo wewe unayetoka alfajiri, vaa nguo nyeupe au ya kung'aa. Elekeana na magari yanayokuja, usiyape mgongo. Usizibe masikio kwa redio, hata kama ni kipindi chetu. Bodaboda haina huruma.

MAMBO YA KUKUMBUKA

Kwanza, kuketi si dawa ya uzee. Anza polepole, ongeza kidogo kila wiki.

Pili, pima presha na sukari kabla ya kuanza, na ujue historia ya ukoo wako.

Tatu, pasha mwili moto dakika 10 hadi 15 kabla ya mchezo. Vaa viatu vinavyokutosha. Mwenye kisukari akague nyayo zake kila jioni. Kunywa maji hata kama kiu haijaja.

Nne, kifua, pumzi, kizunguzungu: acha mchezo papo hapo.

Tano, ukiumia, linda, funga, inua, kisha sogeza mapema. Usijifiche, usijitibu kwa diklofenaki.

Sita, jifunze kusukuma kifua.

Ukisoma maongezi haya katika chama chenu au kanisani au msikitini, jadilianeni: katika timu yetu, nani amepimwa presha mwaka huu? Namba ya simu ya ambulensi ya karibu iko kwa nani? Nani atabaki na nani akianguka? Mkikosa jibu la swali moja, lishughulikieni kabla ya mechi ijayo.

Na wewe kijana, jioni baba akitafuta viatu vyake vya raba, usimwambie aketi. Mwulize kama amemeza dawa yake, kisha mfungulie lango. Kinga ni bora kuliko tiba. Mpaka maongezi yajayo, kwaheri.